Bei ya Nyumba Nairobi Ni Siri ya Nani?

Ninyi mliozoea kunisoma hapa nikizungumzia hifadhidata, seva na programu huria, leo mnivumilie kidogo. Leo nataka kuzungumzia nyumba. Lakini msikimbie, kwa sababu jambo ninalotaka kulishambulia linatuhusu sisi watu wa tarakilishi kuliko mtu mwingine yeyote. Ni data iliyofungiwa kabatini na ufunguo ukatiwa mfukoni.

Hali yangu ni hii. Nina umri wa miaka 28, nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, naandika programu katika ofisi moja kule Westlands na napanga nyumba ya vyumba viwili Roysambu. Mimi na mke wangu tumeweka akiba kwenye Sacco kwa miaka mitano na sasa tuna shilingi milioni moja na nusu. Hizo ndizo pesa zote tulizo nazo duniani. Hakuna baba tajiri wala shamba la kuuza. Tukiibiwa hizo tumerudi sifuri, na mtoto yuko njiani. Tangu mwaka jana Jumamosi zangu zimekwisha kwa kuzungushwa na maajenti, kutoka South B hadi Kitengela, kutoka Ruaka hadi Utawala.

Baada ya mzunguko huo wote nina malalamiko moja makubwa. Katika mji huu naweza kujua bei ya dola, bei ya hisa na bei ya gunia la viazi kabla sijatoka kitandani. Lakini bei ambayo nyumba ya mlango wa pili iliuzwa mwezi uliopita siwezi kuijua hata nikilia machozi ya damu. Nasema hili si jambo la bahati mbaya. Kuna watu wanaokula kwenye giza hilo, na serikali ndiyo inayoshika swichi ya taa.

BEI YA KUTAJIWA NA BEI YA KULIPWA

Fungua tovuti yoyote ya kuuza nyumba hapa Kenya. Utaona bei, sivyo? Basi hiyo ni bei ambayo muuzaji anaota kuipata. Mimi nimeonyeshwa nyumba moja South B, ghorofa ya nne, na maajenti wawili tofauti katika wiki moja. Wa kwanza alisema milioni 7.8. Wa pili alisema milioni 9.2. Nyumba ni ileile, mlango uleule, hata kapeti lililochanika sebuleni ni lilelile! Nilipomuuliza yule wa pili nyumba za jengo hilo huwa zinauzwa kwa ngapi hasa, alicheka. "Bosi, hiyo inategemea mnunuzi."

Inategemea mnunuzi! Maana yake ni kwamba bei inapimwa kwa viatu vyangu na lafudhi yangu, na kwa kadi ya kazi niliyosahau kuivua shingoni.

Sasa tujiulize, ni nani anayejua bei halisi? Serikali inajua. Nyumba ikibadilisha mwenyewe kwa njia halali, uhamisho lazima upitie Wizara ya Ardhi. Mthamini wa serikali anaithamini mali hiyo, na mnunuzi analipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa mijini na asilimia 2 kwa mashambani. Huwezi kukata asilimia 4 ya kitu usichokijua. Kwa hivyo mahali fulani kuna jedwali lenye safu hizi: nambari ya kipande, tarehe, thamani, ushuru. Mimi hutengeneza majedwali ya aina hiyo kila siku ili nipate mshahara, na nawahakikishia kwamba kuyafungua kwa umma si kazi ya kutisha.

Wenzetu Uingereza walishafanya. Shirika lao la usajili wa ardhi hutoa bure bei za nyumba zilizouzwa England na Wales tangu mwaka wa 1995, mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuteremsha faili lote. Je, London imebomoka? Wauzaji wa nyumba huko wamekufa njaa? Hata kidogo. Tofauti ni kwamba kijana wa huko akitajiwa bei ya kipuuzi anafungua simu yake, anaonyesha nyumba tatu za barabara hiyohiyo, na mazungumzo yanaanza upya.

Najua majibu nitakayopewa, kwa hivyo wacha niyajibu mapema.

La kwanza, ati ni siri ya mtu binafsi. Sawa, na sheria ya kulinda data ya mwaka wa 2019 tunayo. Lakini sihitaji jina la mtu wala nambari ya kitambulisho. Nataka mtaa, aina ya nyumba, ukubwa, mwezi na bei. Ondoa safu ya jina na tatizo limekwisha.

La pili, ati watu hudanganya bei ili walipe ushuru mdogo, kwa hivyo data yenyewe ni mbovu. Hiyo ni kweli kwa kiasi fulani, lakini ndiyo sababu nyingine ya kuifungua. Jengo likiwa na nyumba ishirini, kumi na tisa zimeuzwa kwa milioni nane na moja imeandikwa milioni tatu, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataiona hiyo moja. Hitilafu hufichuka pale macho yanapokuwa mengi. Sisi wa programu huria tumelisema hili kwa miaka na miaka.

La tatu, na hili hunichekesha, ati Wakenya hawatajua la kufanya na data hiyo. Wakenya hawa hawa? Ambao mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, walitengeneza Ushahidi na dunia nzima ikaja kuichukua? Ambao walipokea M-Pesa mwaka wa 2007 na kuifanya pochi ya taifa? Tupeni faili, mengine tuachieni sisi.

ARDHISASA NI NZURI, LAKINI HAITOSHI

Sitaki kuwa mtu wa kulaumu tu. Mfumo wa Ardhisasa ulipozinduliwa Aprili 2021, ukianzia Nairobi, nilifurahi kama mtoto. Wanaokumbuka shida ya zamani ya kupanga foleni Ardhi House, na faili linalopotea kisha kupatikana baada ya "chai", wanajua ni hatua kubwa.

Lakini tazameni umejengwa vipi. Unakujibu kuhusu kipande kimoja ambacho tayari unakijua. Ni kama maktaba ambayo lazima umtajie mkutubi nambari ya kitabu, naye anakuletea hicho kimoja tu, na rafu huruhusiwi kuzitembelea. Kwa mtu ambaye tayari ameamua kununua, ni sawa. Kwa mtu anayechagua mtaa, haisaidii chochote. Mimi nataka kuuliza: katika Donholm, bei zimepanda au zimeshuka kwa miaka mitatu? Ni mtaa gani wenye vipande vingi vyenye kesi mahakamani? Ni wapi ambapo nyumba zinanunuliwa na kuuzwa tena baada ya mwaka mmoja, kama watu wanakimbia kitu? Maswali haya yote yamo ndani ya hifadhidata. Ni mlango tu haujatobolewa.

Tena sheria iko upande wetu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya kupata habari ilipitishwa mwaka wa 2016. Na kabla ya hapo, Julai 2011, Rais Kibaki alizindua tovuti ya data huria ya serikali, na Kenya ikasifiwa kote barani. Tulipigiwa makofi, halafu tukalala usingizi.

"KODI NI PESA ZA KUTUPA"

Hapa ndipo giza linapouma. Kwa sababu hakuna takwimu, mahali pake pamejazwa na misemo. Msemo mkuu ni huu: kodi ni pesa za kutupa, mwenye akili hununua. Nimeusikia kwa shangazi, kwa mhubiri, kwa dereva wa teksi, na kwa kila ajenti aliyewahi kunifungulia mlango wa gari.

Mimi hesabu ndiyo kazi yangu, basi tuhesabu. Chukua nyumba ya milioni 7.5. Unalipa asilimia 20 mkononi, yaani milioni 1.5, na benki inakukopesha milioni 6 kwa miaka 20. Tuchukue riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Malipo yako yatakuwa takriban shilingi 74,600 kila mwezi. Katika mwezi wa kwanza, riba peke yake ni 70,000. Rudia kusoma. Kati ya 74,600, deni limepungua kwa 4,600 tu! Baada ya miaka mitano utakuwa umelipa karibu milioni 4.48, na deni litakuwa limepungua kwa chini ya laki nne. Ukimaliza miaka 20 utakuwa umeipa benki karibu milioni 17.9 kwa mkopo wa milioni 6.

Sasa nyumba hiyohiyo jirani yake anaipanga kwa 40,000. Ni nani kati yao anayetupa pesa zaidi katika hiyo miaka mitano ya kwanza?

Punguza riba iwe asilimia 9, ambayo ni aina ya mikopo iliyokusudiwa kampuni ya serikali na mabenki ya kufadhili mikopo ya nyumba ilipopewa leseni na Benki Kuu mwaka wa 2020. Malipo yanashuka hadi kama 54,000 kwa mwezi, na jumla kwa miaka 20 inakuwa karibu milioni 13. Tofauti ya asilimia tano tu imekuokolea karibu milioni tano. Kwa hivyo swali la "ninunue au nipange" halijibiwi kwa msemo. Linajibiwa kwa riba, bei halisi na kodi halisi ya mtaa ule. Katika hayo matatu, riba naweza kuulizia benki. Kodi naweza kuulizia bawabu. Bei halisi? Inategemea mnunuzi, bosi!

Na msidhani ni wajinga wachache tu wanaokwama hapa. Kufikia mwisho wa mwaka wa 2023, nchi nzima ilikuwa na akaunti takriban 30,000 tu za mikopo ya nyumba katika mabenki. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na Nairobi peke yake watu zaidi ya milioni 4.39. Yaani wengi wanaomiliki nyumba hapa walijenga polepole kwa pesa za mfukoni, au walilipa taslimu. Soko la namna hiyo likiwa halina taa, mwenye taslimu nyingi na jamaa wizarani ndiye anayeona. Wewe na mimi tunapapasa ukuta.

CHAGUA MTAA KWANZA

Haya, nimelalamika vya kutosha. Lakini kodi ya Roysambu hainisubiri mpaka serikali iamke, na najua wengi wenu mko kama mimi. Kwa hivyo wacha niseme ninachokifanya na data tuliyo nayo, na kwa nini nasisitiza kwamba nyumba ni ya pili, mtaa ndio wa kwanza. Vigae vya jikoni utabadilisha, rangi utapaka upya. Mto hutauhamisha, wala Barabara ya Mombasa hutaipanua.

Kwanza, muda. Tangazo linasema "dakika 15 kutoka mjini". Dakika 15 saa ngapi? Saa kumi usiku wa Krismasi? Hapa tuna bahati. Mwaka wa 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia walichora ramani ya njia za matatu kwa kutumia simu, mradi ukaitwa Digital Matatus, na data yake wakaitoa bure. Ukijua programu kidogo unaweza kuipakua na kuona kutoka steji fulani unaunganisha gari mara ngapi. Halafu nenda mwenyewe siku ya Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upande matatu, ushike saa.

Tuchukue mfano. Mtu akiishi mahali ambapo safari ya kazini ni dakika 40, na mwenzake akiishi mahali ambapo ni saa mbili, tofauti ni saa 2 na dakika 40 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 264 za kazi hiyo ni zaidi ya saa 700 kwa mwaka. Ni sawa na siku 88 za kazi za saa nane. Ile nyumba "ya bei nafuu" ya mbali inakutoza miezi minne ya kazi kila mwaka, na hakuna risiti. Ndiyo, barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ilifunguliwa mwaka wa 2022, lakini ina malipo yake kila siku. Iongeze kwenye hesabu kabla hujameza neno "nafuu".

Pili, maji, kwa maana mbili. Maji ya kunywa: Nairobi hutegemea zaidi bwawa la Ndakaini, na mgao umekuwepo tangu 2017. Kampuni ya maji ya mji hutoa ratiba ya mgao mtaa kwa mtaa. Isome. Mtaa unaopata maji siku moja kwa wiki unakuuzia nyumba pamoja na lori la maji la kila mwezi. Usimuulize ajenti, muulize mama anayeuza mboga nje ya lango. Yeye hana asilimia ya kupata.

Maji ya mafuriko: Aprili na Mei 2024 tuliona wenyewe, kutoka Mathare hadi Mukuru hadi Kitengela na Athi River. Serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 za mito waondoke, na matingatinga yakafuata. Kabla ya hapo, Agosti 2018, majengo makubwa ya biashara kama South End Mall na Ukay Centre yalibomolewa kwa sababu ya kukaa kwenye njia ya maji. Kama jengo la mabilioni lilibomolewa, fleti yako ya chumba kimoja na sebule italindwa na nani? Ramani ya mito iko OpenStreetMap, bure. Data ya miinuko ya ardhi ambayo NASA ilipima kutoka angani mwaka wa 2000 nayo iko bure. Niliziweka pamoja kwa jioni mbili, nikapata orodha ya nyumba zote nilizoonyeshwa na umbali wake kutoka mto ulio karibu. Mbili zilikuwa ndani ya mita 25. Ajenti alikuwa ameziita "zenye mandhari ya mto". Lahaula!

Tatu, historia ya ardhi. Hili si la kubahatisha. Novemba 2011 nyumba nyingi Syokimau zilibomolewa, serikali ikisema ardhi ni ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Watu walikuwa na karatasi mikononi. Oktoba 2023 ikawa zamu ya Mavoko, kwenye ardhi iliyokuwa na mgogoro na kampuni ya saruji ya East African Portland. Tena watu walikuwa na karatasi. Karatasi ya hisa ya kampuni ya kununua ardhi si hati miliki, hata ikiwa na muhuri wa kung'aa kama nyota. Hati miliki yenyewe itafutwe wizarani kupitia wakili wako mwenyewe, tena wakili huyo asiwe yule "tunayefanya kazi naye hapa ofisini".

Na ukinunua fleti, uliza habari ya sheria ya mwaka wa 2020 ya majengo yenye wamiliki wengi. Sheria hiyo inataka kila nyumba ndani ya jengo iwe na hati yake. Zamani mnunuzi alipewa mkataba mrefu wa upangaji huku hati mama ikibaki mikononi mwa mtu mwingine. Kampuni moja ambayo sitaitaja ilinionyesha fleti safi kabisa, lifti inafanya kazi, jenereta ipo. Nikamwomba dada wa mauzo nakala ya hati mama.

"Madam, naomba tu kuiona."

"Hiyo utaiona ukishalipa amana."

Yaani nilipe laki saba na nusu ndipo nijue kama wanamiliki wanachoniuzia! Nilimshukuru, nikapanda matatu nikarudi zangu.

NYUMBA YA MCHORO

Siwezi kumaliza bila kuwagusa wanaouza nyumba ambazo hazijajengwa. Unaonyeshwa picha iliyochorwa kwa tarakilishi: bwawa la kuogelea, mtoto wa Kizungu akikimbia na puto, miti isiyoota Kenya. Unalipa asilimia 20, kisha unalipa kila mwezi, na "mwaka ujao Desemba" unapewa funguo. Mwenzangu mmoja kazini analipa mwaka wa nne sasa. Kwenye ploti kuna shimo, na kwenye shimo kuna vyura.

Sisemi kila mradi wa namna hiyo ni wizi, kwa sababu kuna waliopata nyumba zao na wanaishi ndani. Ninachosema ni kwamba mnunuzi wa mchoro ndiye anayekopesha mjenzi pesa, bila riba na bila dhamana, na mara nyingi bila haki ya kuuliza pesa imefika wapi. Benki haiwezi kukubali masharti hayo hata siku moja. Kwa nini kijana mwenye milioni moja na nusu akubali? Pesa hizo zikae kwenye akaunti ya wakili au benki, zitolewe hatua kwa hatua kadiri jengo linavyopanda. Mjenzi akikataa, amekujibu.

Vilevile ploti za "karibu na Konza". Mji huo wa teknolojia ulizinduliwa Januari 2013, kama kilomita 60 kutoka Nairobi, na jina lake likauza ploti kuliko lilivyojaza ofisi. Sisi watu wa tarakilishi ndio tuliolengwa zaidi. Walijua tutanunua neno "teknolojia" bila kuuliza maji yanatoka wapi.

NINACHODAI

Kila mwezi mshahara wangu unakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, kwa mujibu wa sheria ya Machi 2024, na mwajiri wangu anaongeza kiasi kama hicho. Sitaingia leo katika ubishi kama makato hayo ni mazuri au mabaya. Lakini kwa kuwa nalipa, nina haki ya kudai vitu vitatu ambavyo havihitaji saruji wala mchanga.

Kwanza, Wizara ya Ardhi itoe kila mwezi faili la bei za mauzo, bila majina ya watu.

Pili, Kaunti ya Nairobi iweke wazi vibali vya ujenzi ilivyotoa, kwenye ramani. Nikinunua fleti Kileleshwa nijue kama ukuta wa ghorofa ishirini umeidhinishwa mbele ya dirisha langu. Huruma, Aprili 2016, jengo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 40. Habari za kibali hazipaswi kutafutwa baada ya maziko.

Tatu, mipaka ya mito na nafasi zilizotengewa barabara zichapishwe kama data, zisibaki kwenye karatasi ukutani mwa afisi fulani. Matingatinga yanaijua mipaka hiyo. Kwa nini mnunuzi asiijue kabla?

Wakati tunasubiri, tusikae bure. Nimeanza kukusanya bei halisi kutoka kwa watu walionunua nyumba kati ya Roysambu na Juja, bila majina, kwenye jedwali la kawaida kabisa. Nina mistari 31 mpaka sasa. Ni michache sana kuweza kudai chochote, lakini tayari watatu waliolipa katika jengo moja wamegundua kwamba mmoja wao alilipa laki tisa zaidi kwa nyumba ya ukubwa uleule. Hajafurahi. Sasa anataka kujua mengine.

Kama umenunua nyumba, nitumie barua pepe: mtaa, mwaka, vyumba, ulicholipa. Jina lako kaa nalo. Na kama wewe ni ajenti na umekasirika, karibu pia. Nitumie bei zako za kweli unikosoe.

Mimi na mke wangu bado tunapanga. Tutanunua, inshallah, lakini tutanunua tukiwa na macho. Mpaka wakati huo, landilodi wangu wa Roysambu atapata kodi yake tarehe tano kama kawaida.

Tukutane wiki ijayo, nitarudi kwenye mambo ya seva.